Titi Halibanwi Ili Lisianguke: Dhana Potofu Kuhusu Mavazi ya Mama Anayenyonyesha

Katika kliniki ya mama na mtoto hapa Kigoma kuna imani moja ambayo nimeisikia mara nyingi mno, kiasi kwamba siku hizi naitambua kabla mama hajafungua kinywa. Anapoteremsha kitenge begani nikaona sidiria iliyokaza hadi imeacha michirizi ubavuni, au kanga iliyofungwa juu ya matiti kwa fundo gumu, najua jibu nitakalopewa: amejibana ili matiti yasianguke. Aliyemfundisha huwa ni dada, shoga au mama mkwe, mtu anayemtakia mema kabisa, na ndiyo maana ushauri huo umekuwa mgumu kung'oa kuliko ushauri wa mtu baki.

Titi lenyewe halina misuli ndani yake ambayo ingeweza kukazwa kwa kubanwa. Limeshikiliwa na ngozi pamoja na nyuzi za tishu zinazopita katikati ya mafuta na tezi za maziwa, na nyuzi hizo hutanuka wakati wa ujauzito, tezi zinapokua na titi kuwa zito, yaani miezi kadhaa kabla mtoto hajanyonya hata mara moja. Mwaka 2008 madaktari wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, walichapisha utafiti wao kuhusu wanawake waliofika kutaka upasuaji wa kurekebisha matiti, na waliyoyaona yakihusiana na kulegea ni umri, idadi ya mimba, uzito wa mwili, ukubwa wa matiti kabla ya ujauzito na uvutaji wa sigara. Kunyonyesha hakukuonekana kuongeza chochote. Kwa hiyo mama aliyemwachisha mwanawe katika mwezi wa tatu ili aokoe umbo lake hakuokoa kitu, ila mtoto ndiye aliyepoteza, kwa sababu miezi sita ya mwanzo ni ya maziwa ya mama peke yake, na baada ya hapo kunyonyesha huendelea pamoja na vyakula vingine hadi miaka miwili au zaidi.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba kubana huko kunaharibu kile kile ambacho mama huyo huyo anakuja kukilalamikia wiki inayofuata, yaani maziwa kupungua. Kufunga kifua kwa kitambaa kulikuwa njia ya zamani ya kukausha maziwa ya mwanamke aliyefiwa na mtoto mchanga. Iweje leo tuitumie kwa mwenye mtoto hai anayelia njaa? Maziwa yanapobaki ndani bila kutoka, titi hupokea taarifa kwamba hayahitajiki na hupunguza kutengeneza. Mirija yake ni laini na mingine ipo karibu sana na ngozi, hivyo waya wa sidiria au ukingo wa kanga ukiikandamiza mahali pamoja kutwa nzima, sehemu hiyo huvimba, hutokea uvimbe mgumu wenye maumivu, na wakati mwingine ngozi huwa nyekundu na ya moto huku mama akitetemeka kwa homa na kudhani ni malaria.

Hapo linafuata kosa la pili, la kumnyima mtoto titi lenye uvimbe kwa hofu kwamba maziwa yake yameoza. Hayajaoza. Mtoto aendelee kunyonya titi hilo kama kawaida, mama alegeze nguo, aweke kitambaa chenye maji baridi ili kupunguza uvimbe, na mtu asilikande wala kulikamua kwa nguvu, maana kukanda kwa nguvu huzidisha uvimbe. Homa ikidumu zaidi ya siku moja, au mama akajisikia hoi, aje kituo cha afya bila kungoja, na vipimo vya malaria vifanywe hapo hapo badala ya kukisiwa nyumbani.

Sisemi kwamba mama atembee bila sidiria. Titi zito linahitaji kushikiliwa ili mgongo na mabega yasiume, lakini kushikilia si kubana. Sidiria inayofaa hupitisha vidole viwili kwa urahisi chini ya mkanda wake, kikombe chake hufunika titi lote bila kulikata juu wala kwapani, na ikivuliwa jioni haiachi mfereji kwenye ngozi. Kwa kuwa titi huongezeka sana siku ya pili hadi ya nne baada ya kujifungua, maziwa yanapojaa, ni upotevu wa fedha kununua sidiria tano za ukubwa mmoja mimba ikiwa changa. Nunua mbili zenye nafasi karibu na kujifungua, kisha ongeza nyingine baada ya wiki chache titi likishatulia. Katika mitumba ya soko la Mwanga hupatikana sidiria nzuri za pamba zenye kifungo cha kufungulia kikombe kwenye mkanda wa bega, nazo ni bora kuliko ile mpya yenye waya na sponji nene. Usiku hakuna ulazima wa kuvaa sidiria. Anayevuja sana avae laini ya kushikilia kitambaa tu.

Kuhusu imani kwamba upepo wa Ziwa Tanganyika hupoza maziwa ya mama aliyevaa nguo nyepesi na kumuumiza mtoto tumbo, naomba tuelewane. Maziwa hayapoi ndani ya titi kwa sababu mama amepanda boti ya Kibirizi kwenda Kagunga akiwa na blauzi nyepesi. Yapo ndani ya mwili, na joto lake ni la mwili, awe mama yupo Ujiji au kwenye baridi ya Buhigwe. Mama avae sweta kwa ajili yake mwenyewe, si kwa ajili ya maziwa, na mtoto akiumwa tumbo tusianze kwa kukagua nguo za mama yake.

Imani kwamba tone la maziwa likimwangukia mtoto wa kiume sehemu za siri atakuwa hanithi haina msingi wowote, nami sitaipa nafasi zaidi ya sentensi hii, isipokuwa kusema kwamba mama anayevuja akunje kitambaa safi cha pamba ndani ya sidiria na akibadilishe kila kinapolowana, kwa kuwa unyevu unaokaa huchubua chuchu na kukaribisha fangasi.

Mtoto naye hahitaji kufunikwa gubigubi. Kitenge kikivutwa hadi juu ya kichwa, hasa mchana wa joto la kando ya ziwa, mtoto hutoka jasho, huchoka na kuachia titi kabla hajashiba. Kanga moja iliyotupwa begani inamsitiri mama, na uso wa mtoto ukabaki wazi ili amwone anavyopumua.

Tena wapo wanaoamini kwamba mama anayenyonyesha amefungiwa dera hadi amwachishe mtoto, au kwamba lazima aagize nguo maalumu kutoka Dar es Salaam. Mji wenye vitenge vingi kama huu wetu, ambako vinashushwa kutoka Kongo na mafundi cherehani wamejaa, hauna sababu ya kulia kwa hilo. Dera lenyewe silikatai, ila mengi ni ya nailoni na hayafyonzi jasho, na lisipokuwa na zipu mbele litamlazimu mama kulipandisha lote hadi shingoni mbele za watu. Ninachopendekeza kwa kila mama, na wauguzi wenzangu wamenichoka kwa kukirudia, ni gauni la kitenge cha pamba lenye mishono miwili ya mbele inayoshuka kutoka begani, na ndani ya kila mshono zipu iliyofichwa ya kutosha kupitisha kichwa cha mtoto. Likifungwa hakuna anayejua. Mwambie fundi aache akiba ya kitambaa ubavuni, kwa kuwa mwili utabadilika, achague kitenge chenye maua yaliyosongamana ili doa la maziwa lisionekane, na kifuliwe kabla ya kushonwa ili rangi isimchafue mtoto.

Walimu na watumishi wa ofisini huniuliza kuhusu sketi na blauzi. Blauzi ya vifungo mbele inatosha, ikiwa na fulana nyepesi ndani inayoshushwa huku blauzi ikifunguliwa kuanzia chini, hivyo tumbo na kifua vyote vinabaki vimesitiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi, na saa hizo hazitoshi ikiwa robo yake inaishia kwenye kupambana na zipu ya mgongoni.