Kila kiungo na zamu yake ya kuingia sufuriani

Mimi ni mwalimu wa mapishi hapa Mwanza. Wanafunzi wangu wengi ni mama lishe wenye vibanda vyao tayari, na swali wanaloniuliza kuliko yote ni hili: "Mwalimu, mchuzi wangu nimeutia kila kitu, mbona haukolei?" Nami huwauliza: kipi kilitangulia? Viungo vilevile kutoka sokoni vinaweza kukupa mchuzi unaomvuta mteja tangu barabarani, au maji ya rangi tu, na kilichotofautisha kikawa ni zamu.

Tuanze na mafuta, maana hapo ndipo wengi wanapoharakisha. Harufu na rangi ya viungo vingi huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Tia binzari ya manjano kidogo kwenye glasi ya maji baridi, koroga, subiri: unga unatuama chini. Tia kiasi hichohicho kwenye kijiko cha mafuta ya alizeti yenye moto, na mafuta yanageuka rangi papo hapo. Ndiyo maana binzari inayonyunyiziwa juu ya mchuzi unaochemka hubaki na ladha ya unga mbichi.

Ninavyofundisha mimi, vitunguu maji hutangulia, kwa moto wa wastani, mpaka kingo zianze kuwa za kahawia. Kitunguu swaumu na tangawizi hufuata, kwa sababu swaumu huungua haraka na uchungu wake hauondoki hata uongeze nyanya. Kisha binzari, kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini tu. Harufu itapanda ghafla. Ukiisikia, mimina nyanya. Maji ya nyanya ndiyo yanayoiokoa binzari isiungue.

Swaumu inastahili neno la ziada. Ikiwa nzima haina harufu kubwa. Ukali wake huzaliwa unapoitwanga: kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa ndani yake hukutana na kiambata kingine, na hapo ndipo alisini, yaani kiambata chenye ukali huo, inapotengenezwa. Moto huua kimeng'enya hicho. Basi itwange, iache kinuni dakika tano hadi kumi huku unamenya vitunguu, ndipo uikaange.

Sasa samaki, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Samaki wa ziwa letu wanaweza kuwa na harufu mbili, na watu wengi huzitibu kama moja. Shombo huzidi kadiri samaki anavyokaa baada ya kuvuliwa, bakteria wanapofanya kazi yao. Harufu ya tope ni jambo jingine kabisa: sato anaweza kuwa nayo hata akiwa bado anarukaruka. Hutokana na jeosmini, kiambata kinachotengenezwa na vijidudu vya majini, ambacho samaki hukifyonza kupitia matamvua na kukihifadhi kwenye mafuta ya mwili wake. Ndimu husaidia kote kuwili. Asidi yake huvishika viambata vya shombo visiruke hewani, na jeosmini nayo huivunja. Dakika kumi na tano hadi ishirini zinatosha. Ukimwacha saa nzima, nyama ya juu hugeuka nyeupe na kukakamaa, na kwenye kikaango itameguka. Mfute akauke kabla ya kumkaanga, kwani ngozi yenye maji ndiyo inayoganda kwenye chuma. Na ndimu haimfufui samaki aliyeharibika. Ukimbonyeza shimo likabaki, macho yamezama na matamvua yamekuwa ya kahawia, mwache hapohapo mezani kwa muuzaji.

Dagaa wanataka jicho kwanza. Pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, walioanikwa kwenye chanja utawaona wasafi, wanang'aa rangi ya fedha. Walioanikwa juu ya mchanga huubeba mpaka sahanini. Tia konzi moja kwenye bakuli jeupe la maji ya vuguvugu, koroga kwa vidole, watoe, kisha tazama chini. Rudia mpaka maji yatulie bila chembe. Halafu wakaushe kwenye kikaango kisicho na mafuta mpaka watoe mlio mkavu ukiwatikisa, ndipo uwaunge. Kwa kuwa tunawala na mifupa yao, ni chanzo kizuri cha kalisi, na inasikitisha kuona wakikataliwa nyumbani kwa sababu ya mchanga tu.

Wenzetu wa pwani wana nazi, sisi tuna karanga. Karanga za kusaga huupa mchuzi uzito na mafuta kwa pamoja. Zikoroge kwanza na maji ya vuguvugu, uzimimine mboga ikikaribia kuiva, moto uwe mdogo na mwiko usitulie, maana hutuama na kuungua chini. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupe. Sumukuvu haiondoki kwa kupika, na katika nyumba yenye watoto wadogo hili si la kubahatisha. Tui zito la nazi nalo huja mwishoni, likichemka sana hukatika.

Nyanya zina asidi, na asidi huchelewesha maharage kulainika. Yachemshe yaive kabisa ndipo uyaunge. Magadi hufanya kinyume: hulainisha haraka, huongeza utelezi wa mlenda na bamia, na huacha majani yakiwa kijani. Ila huharibu vitamini B1, na yakizidi ladha inakuwa ya sabuni. Mimi maharage huyaloweka usiku kucha, magadi nikayaachia mlenda.

Pilipili ikikuzidi, maji hayasaidii, kwani ukali wake nao huyeyuka kwenye mafuta. Kunywa maziwa mgando.

Binzari nyembamba, iliki na pilipili manga nunua punje nzima. Vile vifuko vidogo vya unga vinavyoning'inia juani vimeshapoteza mafuta yake ya harufu kabla hujafika nyumbani. Sugua kidogo kati ya vidole viwili, unuse. Kama hakuna kinachopanda puani, hata ukimimina kifuko kizima mchuzi hautanukia. Kaanga punje kavukavu kidogo, saga za kutosha wiki moja, tia kwenye chupa yenye mfuniko unaobana, na uiweke kabatini, mbali na jiko.