Je, kila glasi ya pombe inaua seli za ubongo?

Wengi tumekua tukiambiwa kwamba kila glasi ya pombe inaua maelfu ya seli za ubongo. Sivyo. Mwaka 1993 watafiti wawili wa Denmark, Grethe Badsberg Jensen na Bente Pakkenberg, walikadiria idadi ya seli za neva katika gamba la ubongo la marehemu waliokuwa walevi wa kupindukia, wakailinganisha na ya watu wasio walevi. Hawakuona tofauti ya maana.

Kinachovurugika ni mawasiliano. Pombe huipa nguvu GABA, kemikali inayozituliza seli, na huidhoofisha glutameti, inayozichangamsha. Kwanza aibu inapungua na mtu anaanza kuropoka. Baadaye ulimi unakuwa mzito, na sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu miendo ikishalemewa, anapepesuka. Akizidisha mno, hata pumzi inaweza kukatika.

Basi asishangilie mtu. Walevi wale wale walikuwa wamepungukiwa na mada nyeupe, yaani nyuzi zinazounganisha seli. Tena anayekunywa sana kwa miaka mara nyingi huishiwa vitamini B1, na upungufu huo ndio unaoua seli kweli: mtu anasahau mazungumzo ya dakika chache zilizopita, na pengo analijaza kwa visa visivyotokea, bila nia ya kudanganya.

Ubongo uliokwisha kuizoea pombe hujichangamsha kupita kiasi inapokatwa ghafla. Mikono hutetemeka, hata degedege huweza kutokea, ndiyo maana mlevi wa siku nyingi huacha chini ya uangalizi wa daktari.