sftp: kazi inayobaki mikononi mwako baada ya usimbaji

Ninasimamia seva, na karibu kila siku kuna faili la kupeleka huko au la kuvuta kutoka huko. Chombo changu ni `sftp` ya OpenSSH, ile ya dirisha la amri. Inakuja na macOS, na Linux nyingi, na hata Windows za karibuni. Watu wakiniuliza kuihusu, swali la kwanza huwa ni kama ni salama. Usimbaji wake, yaani kuificha data ili anayechungulia njiani asiisome, ni imara kweli, na hufanyika bila wewe kugusa chochote. Ila yako mambo ambayo programu haiwezi kuyaamua kwa niaba yako, na huko ndiko watu hupoteza data.

Tuondoe mkanganyiko kwanza. Jina linafanana, lakini hii si FTP, itifaki ya zamani ya kuhamisha faili, iliyoongezewa ulinzi. FTP huingilia poti 21 na kupitisha nywila wazi, ikasomeka na yeyote anayechungulia njiani. SFTP ni itifaki nyingine kabisa, inayopita ndani ya SSH, njia iliyosimbwa ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, kwa kawaida poti 22. Na SSH yenyewe ilizaliwa kwa sababu hiyo hiyo: mwaka 1995 Tatu Ylönen, wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, aliiandika baada ya mtu kunasa nywila kwenye mtandao wa chuo.

Sasa unaunganisha kwa mara ya kwanza:

`sftp mhasibu@seva.example.com`

Programu inakuambia haiitambui seva hii, inakuonyesha alama ya ufunguo wake inayoanza na `SHA256:`, kisha inauliza `yes/no/[fingerprint]`. Karibu kila mtu huandika `yes` bila kusoma. Naomba usimame hapo. Nywila yako itasimbwa, sawa, lakini itasimbwa kwa ajili ya yule aliye upande wa pili, na akiwa ni tapeli aliyejiweka katikati, basi umemkabidhi mwenyewe. Muulize msimamizi wa seva akupe alama hiyo kwa njia nyingine, kwa simu kwa mfano. Yeye ataipata kwenye seva kwa `ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub`. Halafu badala ya kuandika `yes`, bandika alama aliyokupa. Programu italinganisha yenyewe, na zisipofanana haitaendelea. Hii nafasi ya kubandika alama wengi hawajui kama ipo, nami naiona ni bora kuliko kulinganisha herufi kwa macho yaliyochoka.

Ufunguo huo huhifadhiwa kwenye faili la `known_hosts`. Siku ukipata onyo kubwa kwamba utambulisho wa seva umebadilika, usikimbilie kufuta ufunguo wa zamani. Huenda seva imesakinishwa upya, na huenda si seva yako. Uliza kwanza, ukithibitisha, ndipo utumie `ssh-keygen -R seva.example.com`.

Ukishaingia, uko sehemu mbili kwa wakati mmoja. `pwd`, `ls` na `cd` ni za seva. `lpwd`, `lls` na `lcd` ni za kompyuta yako. `put` hupeleka, `get` huleta, na `-r` huchukua folda nzima. Nina mazoea ya kuandika `pwd` na `lpwd` kabla ya kila `put`, kwa kuwa `put` ikikuta faili lenye jina lile lile huandika juu yake bila kuuliza.

Mtandao ukikatika katikati, kuna `reput` na `reget`, na hapa pana mtego unaostahili kutazamwa kwa karibu. Chukua faili la `nakala.tar` la GB 4 lililokatika baada ya GB 3. `reput nakala.tar` hutazama ukubwa wa kipande kilichofika, kisha hupeleka kilichobaki. Haikagui kilichomo. Kama katikati hapo ulitengeneza `nakala.tar` upya, seva itapata GB 3 za faili la zamani zikiungana na mkia wa jipya. Ukubwa utakuwa sahihi, na faili halitafaa kitu. Kwa hiyo linganisha `sha256sum`, amri inayokokotoa alama ya kilichomo ndani ya faili, pande zote mbili. Ukiwa ndani ya `sftp` kwenye Linux, alama ya mshangao hukuwezesha kuendesha amri ya upande wako: `!sha256sum nakala.tar`. Upande wa seva tumia `ssh`, au mwombe msimamizi kama akaunti yako inaruhusu SFTP peke yake.

Kama kuna programu kwenye seva inayosubiri faili hilo, usilipeleke kwa jina lake halisi, isije ikalisoma likiwa nusu. Tumia jina la muda, kisha badilisha:

`put ripoti.csv ripoti.csv.muda`
`rename ripoti.csv.muda ripoti.csv`

Amri hizo hizo zinaweza kukaa kwenye faili la maandishi na kuendeshwa kwa `sftp -b kazi.txt mhasibu@seva.example.com`. Amri moja ikishindwa, kazi yote husimama na programu hurudisha msimbo wa kosa, jambo ninalolipenda sana kwa kazi za usiku. Pale ambapo kushindwa si tatizo, kama `mkdir` ya folda ambayo tayari ipo, weka kistari mbele: `-mkdir ripoti`. Poti ikiwa si 22, herufi ni `-P` kubwa; `-p` ndogo, ambayo kwenye `ssh` ndiyo ya poti, hapa hutunza tarehe na ruhusa za faili.

Kwa njia hii ya `-b` nywila haitumiki, kwa hiyo tengeneza ufunguo wako wa kuingilia kwa `ssh-keygen -t ed25519`. Ufunguo wa kazi inayojiendesha mara nyingi hauna neno la siri, kwa hiyo akaunti yake ibanwe kwenye seva kwa `ForceCommand internal-sftp`, inayoiruhusu SFTP peke yake, na `ChrootDirectory`, inayoifungia ndani ya folda moja. Folda hiyo ya `ChrootDirectory`, pamoja na zote zilizo juu yake, lazima zimilikiwe na root, msimamizi mkuu wa mfumo, na mtu mwingine asiweze kuandika ndani yake, la sivyo muunganisho utakatwa mara tu baada ya kuingia. Mtengenezee mtumiaji folda ndogo ya kuandikia ndani yake, na njia za kwenye `kazi.txt` zianzie hapo.