Je, Wajua Kwa Nini Kazi za Sulubu Ndizo Zinazolipwa Kiduchu?

Anayefagia na kupiga deki wodi za hospitali akikaa nyumbani wiki moja, wagonjwa wataanza kuambukizana. Mshauri wa matangazo wa kampuni ya vinywaji akienda likizo miezi miwili, hakuna atakayeugua. Hata hivyo, ukiwapanga kwa mishahara, mfagizi yuko mkiani. Ukihoji, jibu huwa liko tayari mdomoni mwa watu: angesoma, angejituma, asingekuwa pale.

Jibu hilo lina ukweli wake, nitaufikia. Ila halijibu swali. Kama bidii ndiyo inayopanga mshahara, basi anayetoka nyumbani saa kumi alfajiri na kurudi usiku mgongo ukimuuma angekuwa tajiri mkubwa. Halafu, kusoma humwondoa mtu mmoja kwenye ufagio, lakini wodi bado inataka kufagiwa, na atakayeingia baada yake, awe na shahada au asiwe nayo, atakuta mshahara ule ule unamsubiri. Kwa hiyo tunapomsifu aliyetoka bado hatujaeleza bei ya kazi aliyoiacha.

Mwaka 1776 mwanauchumi Mskoti Adam Smith alitoa maelezo yanayovutia. Kazi chafu, ya hatari au ya aibu, alisema, italazimika kulipwa zaidi ili watu waikubali, maana malipo hufidia karaha. Alimtaja hata mnyongaji wa serikali, ambaye kwa kazi anayofanya alikuwa akilipwa vizuri kuliko mafundi wa kawaida. Kuna mahali hesabu hiyo inakubali hadi leo. Mpiga mbizi anayechomelea mabomba chini ya bahari hulipwa vizuri, na sababu mojawapo ni kwamba anaweza kufa. Lakini mwaka 1848 John Stuart Mill, mwanauchumi Mwingereza, aliangalia hali halisi akaona kinyume: kazi zinazochosha na kuchukiza kweli kweli karibu kila mara ndizo zinazolipwa vibaya kuliko zote, kwa kuwa wanaozifanya hawana pengine pa kwenda.

Kati ya hao wawili, namwona Mill ndiye aliyeligusa jambo lenyewe. Mpiga mbizi ana ujuzi adimu, na akisema sitaki, mwajiri atahangaika. Mfagizi akisema sitaki, kuna watu kumi getini. Mshahara haupimi jasho, na umuhimu wa kazi kwa jamii haupimi pia. Kwa sehemu kubwa unafuata mambo mawili: ni wangapi wanaoweza kushika nafasi yako kesho asubuhi, na wewe unaweza kukaa siku ngapi bila kipato huku ukitafuta pengine. Ujuzi na elimu husaidia kwa sababu hupunguza idadi ya wale walioko getini.

Historia ina tukio moja la kutisha linaloonyesha hili wazi kuliko kitabu chochote cha uchumi. Tauni iliingia Uingereza mwaka 1348, na kufikia mwisho wa 1349 ilikuwa imeua kati ya theluthi na nusu ya watu. Mashamba yalibaki yale yale, mikono ikapungua. Kibarua aliyenusurika hakuwa mchapakazi kuliko ndugu yake aliyezikwa. Alichopata ni uwezo wa kumwambia mwenye shamba: ongeza, au nahamia kwa jirani yako. Ujira ukapanda.

Utawala wa Mfalme Edward wa Tatu haukuchelewa. Juni 1349 ilitoka amri kwamba kila mwenye nguvu, wa chini ya miaka 60, asiye na ardhi wala biashara yake ya kumlisha, akubali kazi anayopewa kwa ujira wa kabla ya tauni. Anayekataa, jela. Ikawa marufuku hata kumpa sadaka ombaomba mwenye viungo vizima. Mwaka 1351 Bunge likakaza kamba kwa sheria iliyopanga malipo kazi kwa kazi, kuanzia mvunaji hadi seremala. Mimi hunivutia zaidi sababu iliyotolewa. Amri ililalamika kwamba wako watu wanaoona heri kuombaomba kwa uvivu kuliko kujipatia riziki kwa kazi.

Lalamiko hilo lina zaidi ya miaka 670 na bado linatumika. Kila wafanyakazi wanapoadimika, waajiri wakakosa watu wa kufanya kazi kwa malipo ya zamani, utasikia kwamba siku hizi watu hawapendi kazi. Mara nyingi wanaipenda sana, isipokuwa kwa bei hiyo. Bei ya petroli ikipanda hakuna anayeituhumu petroli kwa uvivu, ila bei ya mikono ya watu ikipanda tunaanza kuhubiriana maadili.

Sheria zile hazikufua dafu. Kesi zilijaa mahakamani, na waajiri wenyewe, wakigombea vibarua wachache waliobaki, walilipa juu kwa kificho, wengine kwa kuongeza chakula na nguo. Ujira uliendelea kupanda.

Sasa, bidii. Itakuwa uongo kusema haina kazi. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya Marekani ya kubadilisha vioo vya magari, Safelite, iliacha kulipa mafundi kwa saa ikaanza kuwalipa kwa kila kioo. Mwanauchumi Edward Lazear alichambua kumbukumbu zake na kukuta kwamba kazi iliyofanywa kwa kila fundi iliongezeka kwa asilimia 44. Karibu nusu ya ongezeko hilo ilitokana na watu wale wale kukaza zaidi. Iliyobaki ilitokana hasa na mafundi wepesi kuvutiwa kujiunga au kubaki. Kwa hiyo anayesema malipo mazuri huamsha bidii ana ushahidi mkononi.

Ila kuna nambari ya pili ambayo husemwa kwa sauti ya chini. Fundi yule yule aliyekaza, malipo yake yalipanda kwa takriban asilimia 10. Yaani alichozalisha kiliongezeka karibu mara mbili ya kilichoongezeka mfukoni mwake. Sisemi kampuni ilimwibia, maana ilikuwa na vioo vya kununua na mfumo mzima wa kuendesha, na fundi mwenyewe alitoka na zaidi ya alichokuwa nacho. Nasema bidii hutengeneza keki tu, na kisu cha kuikata kiko kwenye mkono mwingine. Mtu anayekuhimiza uchape kazi zaidi bila kugusa suala la mgao amekupa nusu ya ushauri.

Henry Ford, mtengenezaji magari wa Marekani, aliligundua hili kwa njia ya gharama. Januari 1914 alitangaza dola 5 kwa siku ya saa nane, zaidi kidogo ya maradufu ya kiwango kilichokuwepo. Hadithi inayopendwa ni kwamba alitaka wafanyakazi wake waweze kununua magari yake. Kisa chenyewe ni kikavu zaidi. Mwaka 1913 alikuwa ameanzisha mstari wa kuunganishia magari, ambapo mtu hurudia kitendo kimoja siku nzima, na watu walikuwa wakikimbia. Kiwango cha wafanyakazi kuacha kazi na kubadilishwa mwaka huo kilifika asilimia 370, yaani kwa wastani kila nafasi ilibadilisha mtu zaidi ya mara tatu. Kila anayeondoka anaacha pengo, na mgeni anahitaji kufundishwa. Kulipa zaidi kulikuja kuwa nafuu. Kwa maneno mengine, miguu ya walioondoka ndiyo iliyowapandishia mshahara waliobaki. Sharti nalo halikukosekana: karibu nusu ya zile dola 5 ilikuwa mgao wa faida uliotolewa kwa anayestahili, na Ford aliunda idara ya wakaguzi waliokwenda majumbani kuangalia kama mtu ni mlevi, kama nyumba ni safi, kama anaweka akiba. Hata malipo manono yalikuja na cheti cha tabia njema.

Anayekataa peke yake ana nguvu ndogo, na ndiyo maana vyama vya wafanyakazi vikazaliwa. Mfano wa wazoa taka wa Memphis, Marekani, unajulikana kwa sababu ya aliyekufa akiwa pale, ingawa ulianza na vifo vya wengine. Tarehe 1 Februari 1968 wazoa taka wawili waliojikinga mvua ndani ya lori walisagwa na mtambo wake wa kushindilia taka. Siku kumi na moja baadaye wafanyakazi wapatao 1,300, karibu wote weusi, wakagoma. Martin Luther King, mpigania haki za Wamarekani weusi, aliwaendea Machi 18, akawaambia kwamba anayetuzolea taka, mwisho wa yote, ana umuhimu sawa na daktari, kwa sababu asipofanya kazi yake maradhi yatatapakaa. King aliuawa mjini humo Aprili 4. Mgomo uliisha Aprili 16, mji ukikitambua chama chao na kukubali nyongeza ya mishahara. Taka zilikuwa muhimu vile vile Januari, lakini ilibidi zirundikane barabarani ndipo umuhimu wake uingie kwenye hesabu.

Mwaka 2020, wakati wa korona, tuliona upande wa pili. Wauza chakula, madereva, wafagizi na walezi wa wazee waliitwa wafanyakazi muhimu, wakapigiwa makofi madirishani katika nchi nyingi. Kuitwa muhimu hakukupunguza idadi ya wanaoweza kuwekwa mahali pao, kwa hiyo wengi wao waliendelea na mishahara ile ile.

Hapa ndipo serikali huingia na kima cha chini cha mshahara, na ndipo ugomvi wa kweli unapoanzia. New Zealand ilitangulia mwaka 1894 kwa kuweka mabaraza ya usuluhishi yenye mamlaka ya kupanga ujira. Hoja ya wapinzani ni nyepesi kuelewa: ukimlazimisha mwajiri kulipa zaidi ya kazi inavyomwingizia, atapunguza watu, na atakayeachishwa kwanza ni yule mnyonge uliyetaka kumsaidia. Kwa miaka mingi wanauchumi wengi waliichukua hoja hii kama sheria ya maumbile.

Kisha Aprili 1992 jimbo la New Jersey, Marekani, likapandisha kima chake kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, huku jirani yake Pennsylvania akibaki pale pale. Wanauchumi David Card na Alan Krueger walilinganisha migahawa 410 ya vyakula vya haraka pande zote mbili za mpaka. Ajira haikupungua New Jersey. Wenzao waliipinga kazi hiyo kwa ukali, na mabishano juu ya takwimu zile hayajaisha, lakini mwaka 2021 Card alipata Tuzo ya Nobel kwa sehemu kutokana na tafiti za aina hii. Hilo linawezekanaje? Mwaka 1933 mwanauchumi Mwingereza Joan Robinson alikwisha kueleza kwamba pale waajiri wanapokuwa wachache, mshahara hushikiliwa chini ya kile mfanyakazi anachoingiza, kwa kuwa hana pa kukimbilia. Kuna nafasi, basi, ya kupandisha bila kufukuza mtu. Nafasi hiyo ina dari, na anayedai kwamba unaweza kupandisha kadiri upendavyo hajasoma upande wa pili wa hesabu.

Dari iko wapi, na haki iko wapi? Hayo ni maswali mawili ambayo watu huyachanganya. Hadithi mashuhuri ya Mtume inayotaka mwajiriwa apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka inazungumzia wakati wa kulipa. Kiasi ni mjadala mwingine. Mwaka 1907 jaji wa Australia, Henry Bournes Higgins, alijaribu kukitamka. Badala ya kuuliza soko linasemaje, alipiga hesabu ya kodi ya nyumba, chakula na kuni kwa mwanamume asiye na ujuzi maalumu, mkewe na watoto watatu, akafika shilingi 7 kwa siku. Naupenda ujasiri wake wa kuanzia jikoni, ingawa kwenye hesabu hiyo mwanamke aliyelisha familia peke yake hakuwepo.

Ugomvi wa sasa umehamia kwa wale ambao sheria haijui hata kama wameajiriwa. Madereva wa Uber, kampuni ya kuita teksi kwa programu ya simu, nchini Uingereza walishtaki wakidai wana haki ya kima cha chini, kampuni ikasema wao ni wafanyabiashara huru wanaojiamulia. Februari 2021 Mahakama ya Juu iliwapa ushindi madereva. Ilitazama mambo kama nani anapanga nauli, na nini humpata dereva anayekataa safari. Ikaona kwamba dereva aliyekataa mara nyingi alikuwa akiondolewa kwenye programu kwa muda, asipate abiria. Majaji wakaamua kwamba saa za kazi huanza dereva anapowasha programu akiwa katika eneo lake, tayari kubeba mtu, hata kama hana abiria. Kampuni ikajibu kwamba itahesabu kuanzia anapokubali safari. Muda wa kukaa garini ukisubiri simu ilie, na nani aulipie, bado unabishaniwa.