Je, wajua kwa nini Plato hasemi hata neno moja katika vitabu vyake?

Fungua kitabu chochote cha mazungumzo cha Plato, mwanafalsafa wa Athens aliyefariki mwaka 347 KK, kisha umtafute mwenyewe humo ndani. Utakutana na majemadari, washairi, vijana wa kitajiri na walimu wanaofundisha kwa malipo. Karibu kila mara utamkuta pia mzee mmoja anayetembea pekupeku, Socrates, akiwabana wenzake kwa maswali hadi wanune. Plato humwoni. Ndugu zake wawili, Glaucon na Adeimantus, wanazungumza kurasa kwa kurasa katika kitabu chake cha Jamhuri, lakini yeye hayumo.

Jina lake linatajwa mara tatu tu. Mara mbili ni katika utetezi wa Socrates mahakamani, anapotajwa miongoni mwa marafiki waliohudhuria, na tena miongoni mwa waliojitolea kumdhamini kwa faini ya mina 30 (mina ni kipimo cha fedha cha Wagiriki). Mara ya tatu ni katika Phaedo, kinachosimulia siku Socrates alipokunywa sumu gerezani. Msimuliaji anawataja waliokuwepo mmoja mmoja, na akifika kwake anasema: “Plato, nadhani, alikuwa mgonjwa.”

Hilo “nadhani” kaliandika Plato mwenyewe. Kila nikilifikia hucheka kidogo.

Sasa kwa nini ajifiche hivyo? Tuanze na Socrates, kwani yeye hakuandika falsafa yoyote. Kazi yake ilikuwa kuongea na watu, hasa sokoni, penye meza za wabadili fedha. Mwaka 399 KK, akiwa na miaka 70, mahakama ya raia wenzake ilimhukumu kifo kwa madai ya kutoiheshimu miungu ya mji na kuwapotosha vijana. Baada ya kifo chake wafuasi kadhaa walianza kuandika mazungumzo ambayo mzungumzaji mkuu ni yeye. Xenophon aliandika, Antisthenes na Aeschines pia, hata Aristotle akayataja kama aina ya uandishi inayojitegemea. Kwa hiyo si kweli kwamba Plato alikuwa peke yake katika mtindo huu. Ila wenzake hawakuufikisha alikoufikisha yeye.

Sababu ya pili imo katika kitabu kingine cha Plato, Phaedrus. Humo Socrates anasimulia hadithi ya Misri: Theuth, aliyebuni maandishi, anampelekea mfalme Thamus uvumbuzi wake akiusifia kuwa ni dawa ya kumbukumbu. Mfalme anakataa. Anasema utawaletea watu usahaulifu, maana wataacha kukumbuka kwa akili zao na kutegemea alama za nje. Kisha Socrates anaongeza la kwake: maandishi ni kama picha ya kuchora. Watu waliochorwa wanasimama kama wako hai, lakini ukiwauliza jambo wananyamaza kimya. Neno likishaandikwa huzurura kila mahali, kwa wanaolielewa na kwa wasiohusika nalo, na likishambuliwa haliwezi kujitetea bila baba yake.

Na haya yote, bila shaka, tunayasoma kwenye maandishi. Plato hakuwa mjinga, aliona. Mazungumzo ni namna ya kulipunguza tatizo hilo, kwa kuwa ndani ya maandishi yenyewe anawekwa mtu wa kuuliza, wa kupinga, na wa kusema “hapo sijakuelewa.”

Mfano bora, kwangu mimi, ni kisa cha mvulana katika kitabu kiitwacho Meno, jina la mtu anayezungumza na Socrates humo. Socrates anaomba aitwe mmoja wa watumwa wa Meno. Analetwa mvulana aliyezaliwa nyumbani humo, anayejua Kigiriki lakini hajafundishwa jiometri. Anachorewa mraba wa futi 2 kwa futi 2, wenye eneo la futi za mraba 4. Je, tukitaka mraba wenye eneo maradufu, yaani 8, ubavu wake uwe futi ngapi? Mvulana hasiti: ubavu nao uwe maradufu, futi 4. Wanachora, wanahesabu, inatoka 16. Imezidi. Basi 3, anasema. Tatu mara tatu ni 9, bado si 8. Anakwama: “Naapa kwa Zeus, Socrates, mimi sijui.”

Hapo Socrates anamgeukia Meno: unaona, sasa kijana huyu yuko pazuri kuliko mwanzo, kwa sababu mwanzo hakujua na alidhani anajua. Ni kijembe pia, maana muda mfupi kabla ya hapo Meno alikuwa amelalamika kwamba Socrates ni kama yule samaki bapa wa baharini anayetia ganzi kila anayemgusa. Kisha unachorwa mstari kutoka pembe hadi pembe ya mraba wa kwanza, na mraba unaojengwa juu ya mstari huo ndio wenye eneo la 8.

Kutokana na hilo Socrates anadai kwamba kujifunza ni kukumbuka yale ambayo roho iliyajua kabla ya kuzaliwa. Mimi hanishawishi. Ule mstari wa pembe kwa pembe kauleta yeye mwenyewe, na maswali yake mengi yanajibika kwa “ndiyo” tu. Lakini naweza kumpinga kwa sababu Plato kanionyesha kila hatua. Angeniandikia hitimisho peke yake, ningebaki na kulikubali au kulikataa gizani.

Mazungumzo mengine hayafiki popote. Wagiriki waliita hali hiyo aporia, yaani kukosa pa kupita. Katika kitabu cha Euthyphro, Socrates anakutana na mtu wa jina hilo anayekwenda kumshtaki baba yake mzazi kwa kifo cha kibarua. Kwa kuwa Euthyphro anajiona mjuzi wa dini, Socrates anamuuliza uchamungu ni nini. Ni kile wanachokipenda miungu, anajibu. Sawa, lakini je, wanakipenda kwa sababu ni chema, au kimekuwa chema kwa sababu wanakipenda? Karne nyingi baadaye wanateolojia wa Kiislamu wa makundi mawili, Mu'tazila na Ash'ari, walibishana juu ya swali la namna hiyohiyo. Euthyphro anazunguka, anarudi alikoanzia, kisha anaaga: wakati mwingine, Socrates, nina haraka.

Ndiyo maana ukisikia “Plato alisema” inafaa uulize ni nani hasa anayesema, na wapi. Katika Parmenides, kijana Socrates anatetea nadharia ambayo leo tunaiita ya Plato, na mzee Parmenides anamkosesha jibu. Katika kitabu cha Sheria, Socrates hayupo kabisa.

Mwandishi Dionysius wa Halicarnassus, wa karne ya kwanza KK, anasimulia kwamba Plato alipofariki, akiwa na miaka 80 hivi, kilikutwa kibao chake cha kuandikia. Juu yake alikuwa ameyapanga na kuyapangua maneno ya mwanzo ya Jamhuri, yale yasemayo tu: “Nilishuka jana kwenda Piraeus pamoja na Glaucon mwana wa Ariston.”