Je, wajua kwa nini mkeka uliochanwa na timu moja ndo unaokurudisha kubeti?

Jamaa yangu alinionyesha simu yake Jumapili usiku, mkeka wa timu kumi, yaani ubashiri unaolipa pale tu timu zote kumi zikishinda, tiki tisa za kijani zimejipanga halafu chini kabisa alama moja nyekundu, timu iliyorudishiwa goli dakika ya 89. Hakuwa na huzuni hata kidogo na hicho ndo kilinitisha, alikuwa amechangamka, ananiambia "nimebakiza kidogo tu, nishawajua sasa". Kesho yake akaweka dau mara mbili.

Nikakumbuka muvi ya Uncut Gems ya mwaka 2019, ya wale ndugu wawili Josh na Benny Safdie. Kama hujaiona jua kabisa hapa nasimulia mpaka mwisho. Adam Sandler anacheza Howard, muuza vito New York mwaka 2012, anadaiwa dola laki moja na shemeji yake Arno, na ameagiza jiwe la opali kutoka mgodi wa Ethiopia akiamini litauzwa milioni. Kevin Garnett, mchezaji kikapu mwenyewe kabisa, analinunua kwa dola 165,000. Hela ya kulipa deni ipo mezani, inatosha na chenji inabaki! Howard anaichukua yote anaiweka kwenye mkeka wa mechi ya kikapu ya Celtics, timu ya Garnett, na 76ers.

Kwa nini? Mimi naamini ni ileile "nimebakiza kidogo" ya jamaa yangu. Mapema kwenye muvi Howard alibeti, ubashiri wake ukatiki wote, kumbe Arno alishausimamisha ule mkeka kabla ya mechi. Kwa hiyo kichwani mwake yeye hajawahi kukosea, watu ndo wanamwangusha.

Sasa angalia hesabu. Chukulia kila timu uliyoweka ina nafasi 70 kwa mia ya kushinda. Zote kumi kutiki ni kama 2.8 kwa mia. Tisa kutiki na moja kuchana ni kama 12 kwa mia, yaani zaidi ya mara nne! Mkeka mrefu unazalisha "timu moja imenichania" kwa wingi kuliko ushindi, ndivyo ulivyo, na kila ikitokea wewe unaona umekaribia wakati mkeka wa kesho unaanza upya na 2.8 yake ileile.

Na ubongo nao unasaidia uongo. Mwaka 2009 Luke Clark wa Cambridge na wenzake waliwapiga watu picha za ubongo wakiwa wanacheza mchezo wa mashine ya kamari, wakakuta kukosa padogo kunawasha sehemu zilezile zinazowaka mtu akishinda. Wachezaji wenyewe walisema kukosa hivyo kunakera, ila hamu ya kuendelea ilipanda, hasa pale walipokuwa wamechagua wenyewe picha ya kuchezea kwenye mashine. Na kabla ya hapo, 1983, Thomas Gilovich aliwarekodi watu waliobeti mpira wa Marekani wakielezea matokeo yao, walioshinda waliukubali ushindi ulivyo, waliopoteza walikaa wanachambua lile tukio moja lililoharibu, mpaka hasara ikageuka kuwa ushindi ulioibiwa. Sikiliza vijiwe vyetu Jumatatu asubuhi utaisikia hiyo hiyo, refa, penati, kipa.

Turudi kwa Howard. Arno na mabaunsa wake amewafungia katikati ya milango miwili ya vioo ya duka, jasho linawatoka, yeye anaangalia mechi anaruka anapiga kelele. Mpira wa kwanza unaenda Celtics, tiki. Pointi na ribaundi za Garnett, tiki. Celtics wanashinda 85 kwa 75, tiki, zaidi ya dola milioni moja. Tena mechi hiyo ilichezwa kweli, Mei 26 mwaka 2012.

Anawafungulia mlango anacheka, anaamini sasa kila mtu atafurahi naye, na baunsa mmoja aliyeshachoka kufungiwa pale anampiga risasi ya uso papo hapo. Anabaki sakafuni na kile kicheko usoni.

Jamaa yangu nimemtumia link ya muvi tangu Jumanne. Kanijibu kwamba ataiangalia wikiendi, mechi zikiisha.