Hesabu ya tuktuk na dhana nyingine kuhusu mikataba ya kazi

Dhana: Maadamu dereva wa tuktuk analeta hesabu (kiasi maalumu cha fedha cha siku) kila jioni, tajiri (mwenye chombo) yuko salama.

Hili utalisikia Mwembe Tayari, utalisikia Likoni, huko Mombasa. Kweli, hesabu isiyobadilika humtia dereva bidii, kwani kinachozidi ni chake. Lakini breki, tairi na shokabu si zake. Akipita kwenye mashimo kukwepa foleni, leo hapotezi kitu. Bili ya fundi itamfika tajiri mwezi ujao. Wanauchumi Bengt Holmström na Paul Milgrom walilieleza jambo hili mwaka 1991: kazi ikiwa na pande nyingi na ukalipia sana ule unaopimika kirahisi, pande nyingine hupuuzwa.

Halafu kuna siku ya mvua, abiria hakuna. Hasara yote humwangukia dereva, mwenye akiba ndogo kuliko wote. Hapo ndipo hesabu hupunguka na ugomvi huanza, tajiri akidhani ameibiwa. Watafiti walipofunga vifaa vya kufuatilia mwendo kwenye matatu za Nairobi, wenye magari waliopata taarifa hizo walishusha hesabu, na madereva wakaacha kuyaumiza magari. Kujua kunachofanyika barabarani kulisaidia kuliko kukaza hesabu.

Dhana: Malipo ya kipande (kulipwa kwa kila kazi unayomaliza) humwongezea kila mtu kasi.

Ni kweli nusu tu. Kampuni ya vioo vya magari ya Safelite, Marekani, ilipoacha kulipa kwa saa na kuanza kulipa kwa kila kioo kilichofungwa, kazi kwa kila mfanyakazi ilipanda kwa takriban 44%. Mwanauchumi Edward Lazear alionyesha kwamba karibu nusu ya ongezeko hilo ilitokana na bidii ya wafanyakazi wale wale. Iliyobaki, hasa, ni kwa sababu wafanyakazi wepesi walivutiwa kujiunga na kubaki. Tena kioo kibovu kilirudishwa kwa aliyekifunga, akirekebishe bila malipo. Sharti hilo waigaji wengi hulisahau.

Dhana: Bila karatasi, huna mkataba.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inautambua mkataba wa mdomo. Kazi ya miezi 3 au zaidi yapasa iandikwe, na kuandika ni jukumu la mwajiri. Asipoweza kuonyesha karatasi hiyo mahakamani, yeye ndiye wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa.

Dereva wa hesabu ana kesi ngumu zaidi: tajiri anaweza kudai kwamba alimkodisha chombo tu, hakumwajiri.